Kishikio cha Parachuti ya Mdogo Wangu

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mteja mgeni akinikuta nimefunga kanga kiunoni juu ya suruali ya jinzi, lazima aulize fundi yuko wapi. Namjibu, "Ametoka kidogo, nikusaidie nini?" Basi anaeleza shida yake yote, upana wa geti, urefu, maua anayoyataka, halafu namwambia haya, fundi amekusikia, kaa hapo kwenye benchi nikuchoree. Wengine hucheka. Wengine hukasirika, na hao nawafanyia kazi ileile kwa bei ileile, ila nawachelewesha kidogo.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, mji mzima unataka geti. Kila mtu amepata kiwanja, kila kiwanja kimepigwa ukuta, na kila ukuta unataka geti lenye mishale juu, hata kama ndani hakuna cha kuibwa zaidi ya kuku na ndoo. Nimechomelea mageti mpaka nikawa nayaota. Kwa hiyo siku mdogo wangu alipoingia karakana akasema anataka nimtengenezee kishikio cha parachuti, nilizima mashine nikavua kofia ya kuchomelea ili nimtazame vizuri.

"Parachuti ya nini? Umeacha kazi Serikalini, unaruka na ndege?"

"Ya gari, Dada."

"Gari linaruka?"

"Halitakiwi kuruka. Linatakiwa lisimame."

Mdogo wangu Jumatatu hadi Ijumaa ni mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, anabeba mafaili katika ofisi moja ya Serikali na kuwaambia watu wamwone bosi kesho. Mwisho wa wiki anageuka kichaa. Ana gari dogo la Kijapani, kuukuu, ambalo amelitoa viti vyote isipokuwa cha dereva na kuliwekea injini ambayo ukiiwasha hapa, mbuzi wa jirani wanakata kamba. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Magari mawili yanasimama ubavu kwa ubavu kwenye lami iliyonyooka, taa inawaka, mnakimbizana mpaka kwenye mstari wa mwisho. Hakuna kona wala kuzunguka. Mimi nilimwuliza mara ya kwanza, "Na mkishafika, mnakwenda wapi?" Akasema hawaendi popote. Nikasema basi Serikali inawalipa bure.

Shida haiko kwenye kukimbia. Shida ni kusimama baada ya mstari. Msimu uliopita breki zilimkatalia. Alivuka mstari akiwa wa kwanza kabisa, mshindi, watu wakashangilia, naye akaendelea. Akapita mahali pa kusimama, akaimaliza lami, akapasua uzio wa miti na kuingia shamba la zabibu la watu, safu baada ya safu, mpaka gari likachoka lenyewe. Alitoka akiwa na majani ya mzabibu kwenye nywele, anacheka, mfupa wa bega umevunjika na hata hajui. Mimi sikucheka. Nilimtukana palepale mbele ya wenye shamba mpaka wao ndio wakanibembeleza.

Mama alimuuguza pale kwake Kongwa bila kusema neno. Mama yetu akinyamaza, kimbia. Siku mgonjwa alipofunguliwa bandeji, Mama alinivuta nyuma ya jiko, mkononi ana mwiko wa ugali.

"Mimi simkatazi," alisema. "Mtu mzima ukimkataza anakwenda kwa kujificha. Lakini wewe una moto na una vyuma. Mtafutie namna ya kusimama. Sitaki kuzika mtoto."

Alirudi jikoni kugeuza ugali wake. Nami nikabaki nimesimama pale, kwa sababu Mama hajawahi kuniomba kitu maishani, hata maji ya kunywa anayachota mwenyewe. Nilipata woga ambao sikuwa nao hata mdogo wangu alipokuwa katikati ya zabibu.

Kwa hiyo alipokuja na habari ya parachuti nilimsikiliza, ingawa nilijifanya simsikilizi. Alikuwa ameiagiza nje, imekuja imekunjwa ndani ya mfuko mgumu mdogo kama begi la mtoto wa shule. Mfuko unakaa nyuma ya gari, nje. Dereva akishapita mstari anavuta mpini, mfuko unafunguka, kitambaa kinashika upepo na kulivuta gari nyuma. Uzito wote wa kuvutwa huko unaishia kwenye kishikio: chuma kinachotoka kwenye chasisi, kikiwa na masikio mawili yenye tundu, na bolti nene inayopita katikati kushika mkanda. Kishikio kikikatika, parachuti inabaki barabarani imependeza, na dereva anaendelea na safari zake za zabibu.

"Umeelewa, Dada?"

"Nimeelewa. Ondoka hapo, unanizibia mwanga."

Sasa lazima niwaeleze jinsi geti linavyotengenezwa Dodoma, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Ukichomelea vyuma viwili, pale vilipoungana panabaki mstari ulioinuka, wenye mawimbi madogo madogo, kama mshono wa gunia. Wateja wetu hawautaki huo mstari hata kuuona. Mteja akija kuchukua geti lake, hatazami bawaba wala kufuli. Anapitisha kiganja kwenye viungo, taratibu, amefumba macho kabisa, na akigusa kidonda chochote anakwambia, "Fundi, hapa bado." Basi tunausaga huo mstari kwa grainda mpaka ulale sawasawa na chuma, tunapaka rangi, na geti linakaa kama lilizaliwa zima. Fundi anayeacha mishono yake wazi ni mwanafunzi au mlevi. Sifa yangu mimi katika mji huu ni hiyo: viungo vyangu havionekani. Kuna watu wamevuka makarakana chungu nzima kunifuata kwa ajili ya hilo tu.

Nilimtengenezea mdogo wangu kishikio kizuri, jamani. Nilikata bomba, nikakata bamba la masikio, nikachomelea, nikasaga. Naye alikuwa amekaa pembeni anapitisha kiganja kama wateja wengine. "Dada, hapa bado." Nasaga. "Na hapa, chini ya sikio." Nasaga. Tukapaka rangi nyeusi inayong'aa. Kilipokauka kilikuwa kitu cha kuweka sebuleni. Wapita njia walisimama kukitazama, na bibi mmoja muuza karanga aliuliza kama ni cha kanisani.

Tulikifunga nyuma ya gari, na fundi wake wa injini akaja siku hiyo kupima kama kishikio kimekaa kimo kinachofaa, maana kikiwa juu mno au chini mno gari linayumba likivutwa. Huyu bwana ni Mhehe wa Iringa na sisi ni Wagogo, kwa hiyo ni mtani wetu, na mdomo wake hauna breki kuliko hilo gari. Mdogo wangu alipolazwa kwa ajili ya bega, mtani alifika hospitali na mfuko mtupu akauliza zabibu ziko wapi. Alikwisha kuapa mara nyingi kwamba siku mdogo wangu akifa, yeye atalala ndani ya kaburi agome kutoka mpaka sisi ndugu tumkabidhi gari. Ndivyo watani wanavyofanya misibani, wala hatukuwahi kununa.

Geti letu huwa tunalijaribu kwa kuning'inia. Mteja ananing'inia, shemeji yake ananing'inia, likistahimili tunapeana mikono. Basi mdogo wangu akapanda kwenye kishikio akarukaruka, mtani naye akapanda, wakaruka pamoja wameshikana mabega wanaimba. Kishikio hakikutikisika. Nikasema haya, kazi imekwisha, nileteeni soda.

"Bado," mtani akasema, akishuka. "Sisi wawili ni mizigo ya kawaida. Parachuti inakamata ghafla. Tukivute kwa ghafla."

Nilimkasirikia. Niliona ananidharau kazi yangu mbele ya wauza karanga. Nikamwambia, "Kavute kwenu Iringa," lakini nikamfuata, kwa sababu sauti ya Mama ilikuwa bado sikioni mwangu. Nyuma ya karakana palikuwa na Fuso limebeba mawe, linasubiri tairi. Tukafunga mkanda wa kuvutia magari, upande mmoja kwenye Fuso, upande wa pili kwenye kishikio, tukauacha umelegea chini. Mdogo wangu akaingia kwenye gari, akalisogeza mbele kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, si zaidi. Mkanda ukanyanyuka, ukakaza.

Ka!

Kishikio kiling'oka kwenye gari, kikalala chini kwenye vumbi. Sikio moja lilikuwa limebaki na mkanda, limefunguka kama kifuniko cha kopo la maziwa. Gari liliendelea kidogo ndipo likasimama, na mdogo wangu akatoka akiuliza, "Vipi, kimeshika?"

Nilimtazama mtani, nikingoja aseme neno lake la makaburi, aseme sasa ataenda kuchagua jeneza. Alikuwa ameshika kiuno anatazama chini. Sijawahi kumwona Mhehe yule amenyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko ule mlio.

Niliokota kile chuma, kikiwa bado kina joto, nikakigeuza juani. Na hapo nikaona. Mahali kilipokatika palikuwa pembamba kama ganda la kitunguu. Moto wangu ulikuwa umejaza vizuri kabisa, halafu mimi mwenyewe, kwa grainda yangu, nikaula mshono wote ili uwe laini, na mdogo wangu kwa kiganja chake akanisaidia kuumaliza. Geti halivutwi na mtu. Geti linafunguliwa na kufungwa, linapigwa honi, basi. Uzuri wetu wote wa Dodoma ulifaa kwa kitu kisichovutwa.

Nilikaa kwenye lile benchi la wateja, nikalia. Nasema wazi, nililia kwa hasira na kwa woga, kamasi zikanitoka, kwa sababu niliona lami imekwisha, nikaona uzio, na safari hii sikuona majani ya zabibu. Mdogo wangu akaja kukaa karibu yangu. "Dada, si tumejaribu tu?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe mtoto, kaniletee bamba nene."

Nilianza upya. Nilichagua bomba zito, nikaongeza mihimili miwili ya pembeni ili nguvu igawanyike mpaka kwenye chasisi pande zote mbili. Nilisugua kutu na rangi mpaka chuma kikawa cheupe, nikapasha moto kabla ya kuunga, nikachomelea polepole, raundi juu ya raundi, nikigonga magamba kwa nyundo na kurudia. Na nilipomaliza nikakipaka rangi nyeusi bila kusaga, nikaiacha mishono kama ilivyotoka, minene, imevimba, inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Weee! Mdogo wangu alipoiona alishika kichwa.

"Dada, hii nitaipeleka mbele za watu? Watasema nimeshonewa gari na fundi wa vyungu."

"Waseme."

"Saga kidogo tu. Upande wa juu tu, unaoonekana."

"Thubutu!"

"Nusu ya upande wa juu."

Alibembeleza kwa siku nzima, akitumia na ile sauti ya ofisini. Nilipoondoka kwenda kula nilichomoa jiwe la grainda nikaliweka kwenye kikapu pamoja na chakula, maana namjua. Nikarudi nikamkuta anajisingizia anatafuta bisibisi, ana vumbi mpaka kwenye tai. Wateja nao hawakuniachia. Mzee mmoja niliyemtengenezea geti la kifahari alisimama, akakitazama kile kishikio kwa huruma, akaniuliza kama macho yameanza kunisumbua, akasema kuna daktari mzuri mjini. Nilisema ahsante mzee wangu, nitakwenda. Moyoni nilikuwa naungua. Mtu anajenga sifa yake miaka yote, halafu inaharibiwa na kipande cha chuma kilicho nyuma ya gari la mtoto wa mama yake.

Tukarudi kwa lile Fuso. Mtani alifunga mkanda, mdogo wangu akaendesha, kwa kasi zaidi safari hii. Mkanda ukanyanyuka, ukakaza, ukakatika katikati, na mawe mawili yakaanguka kutoka kwenye Fuso. Kishikio kilikuwa palepale. Niliushika mshono mmoja mmoja kwa vidole, nikitafuta ufa, sikuuona. Mtani akarudiwa na mdomo wake: "Aa, basi kaburi limeahirishwa. Nimekosa gari." Nilimrushia glovu.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi, asubuhi, kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji. Upepo wa Dodoma ulikuwa unapuliza kama kawaida yake, vumbi mpaka kwenye meno. Walikuwepo wanafunzi wa vyuo, watumishi wa maofisi wamevaa fulana, familia za Wahindi wenye maduka mjini na majokofu yao ya vinywaji, wauza mishikaki, wauza zabibu. Nilipoona zile zabibu niligeuza uso. Mkaguzi wa magari alizunguka gari la mdogo wangu, akachuchumaa nyuma, akagonga kishikio kwa spana, akakitikisa kwa mikono miwili, akaandika herufi yake ya kulipitisha kwenye kioo, akaenda kwenye gari linalofuata. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya kishikio muda wote amepanua miguu, ili watu wasiione ile mishono.

Halafu akatokea Mama. Hakuna aliyemwalika. Alishuka kwenye bajaji na kitenge chake cha kanisani na mwavuli, akawaamkia watu wote Kigogo, "Mbukwenyi," kana kwamba wote ni wa Kongwa, na wengine walimwitikia shikamoo. Nilimtafutia kiti cha plastiki. Alikipokea, akakipeleka pembeni, akakiweka kinatazama porini, akaipa lami mgongo, akakaa.

"Mama, magari yanapita huku."

"Najua yanapopita."

"Hutaona kitu."

"Sikuja kuona."

Nikasimama nyuma yake, mimi nikitazama lami, yeye akitazama vichaka. Magari mengine yalikimbia kwanza, na kila injini iliponguruma mwavuli wake ulitikisika. Kisha nikaona gari dogo la mdogo wangu likisogea kwenye mstari, ubavuni mwa gari la bluu la kijana wa Arusha. Sikumwambia Mama. Alijua. Alikuwa ameufunga mwavuli na kuulaza mapajani, ameshika kingo za kile kiti kwa mikono yote miwili.

Taa ikawaka. Sitaki kuwadanganya kwamba niliona mbio. Niliona matako tu ya gari, na kile kidude changu cheusi chenye mishono mibaya kikizidi kuwa kidogo. La bluu lilimpita, watu wakapiga kelele, yakavuka mstari, na gari la mdogo wangu likaendelea kwa kasi ileile, likaendelea, nami nikawa nasema kwa sauti bila kujua, "Vuta. Vuta. Vuta wewe mtoto!"

Kikatoka kitambaa cha rangi ya chungwa. Kwanza kilijikunjakunja nyuma kama nguo iliyopeperuka kambani. Halafu kikajaa upepo chote kwa mpigo, na gari likashikwa. Niliona jinsi lilivyoshikwa, pua ikainama, likapungua, likapungua tena, likawa linatembea, likasimama. Mbele yake lami ilikuwa bado ni ndefu, tupu, inameremeta kwa jua.

Nikashika mabega ya Mama. Kipaza sauti kilikuwa kinamtangaza kijana wa Arusha.

"Ameshindwa?" Mama aliuliza, bila kugeuka.

"Ameshindwa."

"Amesimama?"

"Amesimama, Mama."

"Amegonga nini?"

"Hajagonga kitu. Amesimama mwenyewe, barabarani. Anatoka sasa, anakunja parachuti yake." Nilikuwa nalia na kucheka, sikujali nani ananiona. "Anakunja vibaya, utadhani ni shuka."

Nilimsikia Mama akivuta pumzi na kuitoa, ndefu, na mikono yake ikaachia kiti. Kipaza sauti kikatangaza kwamba kila gari lina zamu ya pili, wenye magari wajiandae.

"Atakimbia tena?"

"Ndiyo, Mama. Muda si mrefu."

Akainuka. Akanipa mwavuli nimshikie, akakamata egemeo la kile kiti, akakigeuza kikatazama lami, akakaa.

"Sogea kidogo," akaniambia, "unanizibia."